Yuda Anatafuta Nini Katika Hadithi ya Yusufu?

Vikundi vya kusoma Biblia vinavyoamua kupitia kitabu cha Mwanzo sura kwa sura hukwama mahali pamoja. Sura ya 37 husomwa kwa hamu: Yusufu na kanzu yake, ndoto zake, ndugu wenye wivu, shimo, msafara wa ngamia unaoelekea Misri. Inapoisha, kijana ameshauzwa kwa Potifa, mkuu wa walinzi wa Farao, na kila mtu anataka kujua yatakayompata. Wanafungua sura ya 38, na Yusufu hayumo. Aliyemo ni Yuda, kaka yake. Amehama nyumbani, ameoa Mkanaani, amezika wana wawili, na sasa amelala na mwanamke aliyemkuta njiani, kumbe ni Tamari, mjane wa mwanawe. Kiongozi wa somo anakohoa kidogo, anasema hiyo wataisoma siku nyingine, na kikundi kinarukia sura ya 39.

Lakini swali linakuwa limeshaulizwa, mara nyingi na mtu aliyekaa nyuma kabisa: habari hii inatafuta nini hapa?

Wapo wanaojibu kwamba imepotea njia tu, kwamba ni kipande cha habari za ukoo wa Yuda kilichochomekwa pasipo pake. Sisi tutajibu vingine. Ukiiondoa Mwanzo 38, matukio makubwa ya Yusufu yanabaki yote, lakini jambo kubwa linalotokea karibu na mwisho linakuwa halina maelezo. Ili kuliona hilo, tunahitaji kwanza kujua msuko ni nini.

## Matukio peke yake si msuko

Msuko, ambao wengine huuita ploti, ni namna msimulizi anavyoyapanga matukio ili moja lizae jingine, na ili msomaji ajue kila jambo kwa wakati ambao msimulizi ameuchagua.

Chukua mfano wa msibani. Wageni wakifika, mmoja wa wafiwa huombwa aeleze ilikuwaje. Haanzii siku marehemu alipozaliwa. Anaanzia juzi asubuhi: aliamka vizuri, akanywa chai yake, halafu akasema kifua kinambana. Chai anaitaja kwa sababu inaonyesha hapakuwa na dalili. Kifua anakitaja kwa sababu ndicho kilichomwondoa. Umeme uliokatika siku hiyohiyo hautaji, ila kama ulimzuia mtu kupokea simu. Jioni wanakuja wageni wengine, na safari hii anayesimulia ni binamu. Yeye anaanzia mwezi uliopita, pale marehemu alipoacha kumeza dawa. Asubuhi tulisikia habari ya kifo cha ghafla. Jioni tunasikia habari ya onyo lililopuuzwa. Hakuna aliyedanganya, na tukio ni lilelile. Msuko ndio uliobadilika.

Kila msimulizi, awe wa msibani au wa kitabu cha Mwanzo, huamua mambo matatu:

- hadithi ianzie wapi na iishie wapi;
- jambo gani liwe sababu ya jambo gani;
- msomaji ajue nini, na akijue lini.

Uamuzi wa tatu ndio ambao wasomaji wa Biblia huusahau zaidi. Kwa kuwa mwisho tunaujua tangu utotoni, tunasoma kana kwamba kila kitu kimewekwa wazi tangu mwanzo. Sivyo.

## Swali linaloibeba hadithi

Ndani ya kila msuko kuna mgogoro, yaani mvutano kati ya watu, au kati ya mtu na hali yake, au ndani ya moyo wa mtu mmoja. Mgogoro huzaa swali, na swali hilo ndilo linalotufanya tufungue ukurasa unaofuata.

Muulize mtu yeyote aliyepitia shule ya Jumapili swali la hadithi ya Yusufu ni lipi. Atakwambia: je, ndoto zitatimia? Yusufu, akiwa na miaka 17, anaota miganda ya ndugu zake ikiinamia mganda wake. Kisha jua, mwezi na nyota 11 zikimsujudia. Ndugu wanachukia, wanamuuza. Yeye anapita utumwani na gerezani hadi anasimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30, anavishwa pete na mkufu wa dhahabu. Ikisomwa hivyo, ni hadithi ya kijana aliyedharauliwa akapanda cheo.

Usomaji huo una tatizo moja: jibu linakuja mapema mno. Mwanzoni mwa sura ya 42, ndugu kumi wanaingia Misri kununua nafaka na kumsujudia mtawala wasiyemtambua. Miganda imeinama. Msimulizi hata anatuambia kwamba Yusufu alizikumbuka ndoto zake. Kama swali lilikuwa hilo tu, hadithi ingekomea hapo, labda na karamu ya kufungia. Lakini inaendelea hadi sura ya 50, na sehemu zake zinazotoa watu machozi bado hazijafika.

Basi swali ni jingine, na limekuwapo tangu mwanzo. Sura ya 37 inatupeleka katika nyumba iliyopasuka: baba mmoja, watoto wa mama wanne, mtoto mmoja anayependwa kuliko wote, na kaka wasioweza hata kuzungumza naye kwa amani. Wanamuuza, wanarudi kwa baba na uongo, na maisha yanaendelea. Je, watu kama hawa wanaweza kubadilika?

Yusufu mwenyewe hajui jibu. Ndiyo maana anapowatambua hajitambulishi. Anawaita wapelelezi, anawafunga siku tatu, anambakiza Simeoni, na kuwaamuru wasirudi bila mdogo wao Benyamini. Unaweza kuliita hilo kisasi. Lakini ukifuatilia anachokidai, utaona kwamba kila hatua inamleta karibu na jambo moja: kuwaona tena ndugu hawa wakiwa na mtoto wa Raheli, mama yake Yusufu na Benyamini, mikononi mwao.

Kwa ufupi: swali la hadithi hulijui kwa kuangalia inakoanzia tu. Angalia pia ni wapi inakataa kuisha.

## Kilio kilichocheleweshwa

Turudi Dothani, penye shimo. Ndugu wanamvua Yusufu kanzu, wanamtupa shimoni, kisha wanaketi kula chakula. Yusufu anasema nini? Hakuna hata neno. Msimulizi anatuonyesha watu wanaotafuna, shimo liko kimya, na msafara unatokea kwa mbali.

Ukimya huo unadumu sura tano. Kisha, katika sura ya 42, ndugu wakiwa wamebanwa Misri wanaanza kusemezana: haya yanatupata kwa sababu ya mdogo wetu, tuliona alivyoteseka, alitusihi, tukakataa kumsikiliza. Alitusihi! Zaidi ya miaka 20 imepita ndipo msomaji anajua kwamba wakati wale wakila, kijana alikuwa akilia kutoka chini.

Mbinu hii, ya kuleta jambo la nyuma baada ya hadithi kusonga mbele, huitwa mbinu rejeshi, au kisengerenyuma. Kwa nini msimulizi hakuandika kilio mahali pake? Kwa sababu pale shimoni kingetufanya tumhurumie Yusufu, na hilo tu. Hapa kinatoka katika vinywa vya wenye hatia wenyewe, bila mtu kuwauliza. Ni dalili ya kwanza kwamba dhamiri zao hazijafa.

Na kuna anayesikiliza. Ndugu wanadhani mtawala huyu haelewi lugha yao, maana wamekuwa wakizungumza naye kupitia mkalimani. Hali hii, ambapo msomaji anajua jambo ambalo wahusika hawalijui, na kutojua kwao kunageuza maana ya maneno yao, ni aina ya kinaya. Wanaungama mbele ya yule waliyemkosea, nao hawana habari. Yusufu anawapa kisogo na kulia. Hapo ndipo anaposikia pia, kwa sauti ya Reubeni mwenyewe, kwamba kaka huyo mkubwa aliwakataza wasimdhuru.

Lakini majuto peke yake hayatoshi. Mtu anaweza kujuta gerezani na kurudia kosa akiachiwa. Msuko unadai ushahidi wa vitendo, na atakayeutoa hatakuwa Reubeni.

## Sasa tumwone Yuda

Nani alitoa wazo la kumuuza Yusufu? Ni Yuda. Aliwauliza wenzake watapata faida gani wakimuua, na bei ikawa vipande 20 vya fedha. Kisha wakachinja mbuzi, wakachovya kanzu katika damu, wakampelekea baba yao, Yakobo, wakimwambia aitazame kama ni ya mwanawe. Yakobo aliitambua, akararua mavazi yake, akakataa kufarijiwa.

Mara baada ya hapo Yuda anawaacha ndugu zake na kwenda zake. Angalia jinsi sura hii ilivyowekwa. Mstari wa mwisho wa sura ya 37 unasema Yusufu aliuzwa kwa Potifa. Mstari wa kwanza wa sura ya 39 unasema jambo hilohilo tena. Msimulizi anajua kabisa kwamba ametoka njiani, na anajua pa kurudia. Kwa hiyo yaliyomo katikati ameyaweka kwa kusudi.

Yuda anapata wana watatu: Eri, Onani na Shela. Eri anamwoa Tamari, anakufa. Onani anamrithi kwa desturi ya wakati huo, iliyomtaka ndugu wa marehemu amzalie marehemu mrithi, naye anakufa. Amebaki Shela. Yuda anaogopa. Anamwambia Tamari akakae kwa baba yake hadi Shela akue, lakini Shela anakua na Yuda hamtoi. Baadaye Yuda naye anafiwa na mkewe. Siku anayokwenda Timna kukata kondoo manyoya, Tamari anajifunika uso na kuketi njiani. Yuda anamdhania kahaba. Malipo watakayopatana ni mwana-mbuzi, na hadi afike, Yuda anaacha rehani: muhuri, kamba yake na fimbo. Kama miezi mitatu baadaye anaambiwa kwamba mkwewe ana mimba, naye anaamuru atolewe achomwe moto. Tamari hapigi kelele wala hamtaji mtu. Anampelekea zile rehani na kumwomba atazame ni za nani. Yuda anazitambua, na anatamka mbele ya watu kwamba Tamari ana haki kuliko yeye, kwa kuwa alimnyima Shela.

Ukisoma habari hii peke yake, ni kashfa ya familia. Ukiisoma mahali ilipowekwa, mambo matatu yanajitokeza.

La kwanza, mdanganyifu amedanganywa kwa zana zake. Kule kulikuwa na mbuzi, vazi, na baba aliyetakiwa kutambua. Hapa kuna mbuzi, shela ya kujifunikia, na Yuda anayetakiwa kutambua. Yakobo naye, ujanani mwake, alimlaghai baba yake Isaka kwa nguo za kaka yake Esau na ngozi za wana-mbuzi. Msimulizi hasemi kwamba malipo ni hapa hapa. Anarudisha vitu vilevile na kutuachia tuunganishe.

La pili, Yuda amekuwa Yakobo. Amefiwa na wana wawili na anamshikilia wa mwisho kwa hofu. Alipompelekea baba yake kanzu yenye damu hakujua uchungu ule. Sasa anaujua.

La tatu, Yuda amekiri kosa hadharani. Angeweza kuzificha zile rehani na kuacha moto umalize ushahidi. Hakufanya hivyo. Katika ndugu wote, ndiye wa kwanza tunayemwona akisema kwamba amekosa, sura nne kabla wenzake hawajakumbuka kilio cha shimoni.

## Msimulizi anapopunguza mwendo

Njia moja rahisi ya kujua msuko unathamini nini ni kulinganisha muda wa matukio na nafasi yaliyopewa. Miaka saba ya shibe Misri, yenye nafaka isiyohesabika na watoto wawili wa Yusufu kuzaliwa, inapita katika mistari michache. Lakini yapo maneno ya mtu mmoja, ambayo kuyasema huenda hakukuchukua hata dakika tano, yaliyopewa mistari 17 mfululizo. Ni ya Yuda, katika sura ya 44.

Twende tukaone yalivyozaliwa. Njaa imezidi, na bila Benyamini hakuna nafaka. Reubeni anampa baba ahadi ya ajabu: nisipomrudisha, waue wanangu wawili. Yakobo anakataa; babu gani atafarijika kwa kuua wajukuu? Baadaye Yuda anakuja na maneno mengine: mimi mwenyewe nitakuwa dhamana yake. Mtu aliyewahi kuweka rehani muhuri na fimbo sasa anajiweka rehani mwenyewe. Yakobo anakubali. Anayezungumza naye ni baba mwenzake aliyezika.

## Kilele: nani abaki Misri?

Kilele ni pale mgogoro unapofikia hatua ambayo lazima mtu achague, na akishachagua hakuna kurudi nyuma. Yusufu anakiandaa kwa uangalifu. Kikombe chake cha fedha kinafichwa katika gunia la Benyamini. Magunia yanakaguliwa kuanzia la mkubwa hadi la mdogo, na kikombe kinapatikana. Hukumu ni hii: aliyepatikana nacho atakuwa mtumwa, wengine waende kwa baba yao kwa amani.

Kila kitu cha Dothani kimerudi. Mtoto wa Raheli, kipenzi cha baba, yuko hatarini. Utumwa wa Misri unamngoja. Ndugu wanaweza kuondoka huru, na safari hii hata uongo hawauhitaji. Kule waliketi wakala. Hapa wanararua mavazi yao, na wote wanarudi mjini.

Yuda anasogea mbele na kuanza kusema. Anamsimulia mtawala habari za baba mzee ambaye maisha yake yamefungamana na kijana huyu, kipenzi cha uzee wake. Hapo ndipo mabadiliko yanapoonekana wazi. Upendeleo ulioleta chuki yote haujaisha; Yakobo bado ana kipenzi, tena anasema wazi. Yuda hadai tena kwamba si haki. Anaukubali upendo huo kama ulivyo, na anaomba abaki yeye mtumwa ili kijana arudi nyumbani. Anasema hataweza kuyaona mabaya yatakayompata baba yake. Aliyetoa wazo la kumuuza ndugu anajitoa kuwa mtumwa badala ya ndugu.

Yusufu anashindwa kujizuia. Anawatoa Wamisri wote nje, analia kwa sauti, na kujitambulisha. Swali limejibiwa. Bila sura ya 38 tungeshangaa Yuda huyu katoka wapi.

## Matukio yaleyale, msuko mwingine

Wasomaji Waislamu wanamjua Nabii Yusufu kutoka Kurani, ambako kisa chake kinasimuliwa mfululizo katika sura ya 12, yenye aya 111. Ndoto ipo, kisima kipo, gereza lipo, kikombe kipo. Lakini Yuda hatajwi kwa jina, na habari ya Tamari haimo. Je, kisa kimepungukiwa? Hapana, kwa kuwa kina mhimili wake.

Humo, Yakubu hadanganyiki na damu iliyo kwenye kanzu. Tangu mwanzo anashuku maneno ya wanawe na kuchagua subira. Kanzu inarudi mara tatu: kwanza na damu ya uongo, kisha imechanika nyuma na kuthibitisha kwamba Yusufu hakumshambulia mke wa bwana wake, na mwishowe inawekwa usoni pa Yakubu, macho yake yanarudi kuona. Msuko unaulizia kama subira ya baba na uaminifu wa mwana vitazaa matunda. Ule wa Mwanzo unaulizia kama waliokosa watageuka. Visa vyote viwili vinamhusu Yusufu, na kila kimoja kimechagua sababu zake.

## Na Mungu yuko wapi?

Katika sura 37 hadi 50 za Mwanzo, Mungu anasema moja kwa moja mara moja tu, na hasemi na Yusufu bali na Yakobo, usiku, njiani kuelekea Misri. Kwingine msimulizi anatuambia kwamba Bwana alikuwa pamoja na Yusufu, kisha anawaacha watu wafanye watakayo: waonee wivu, wasahau ahadi, waogope, wajute. Ni Yusufu anayetoa tafsiri mwishoni, kwamba wao walikusudia mabaya na Mungu alikusudia mema. Tafsiri hiyo ina uzito kwa sababu imechelewa. Ingewekwa mwanzoni, tungewaona ndugu kama vibaraka wasio na hatia wala sifa, na kujitoa kwa Yuda kusingekuwa na thamani.

## Soma mwenyewe

Njia tuliyoitumia inafaa kwa hadithi nyingine pia. Uliza maswali haya:

1. Hadithi inaweza kuishia wapi, lakini haiishii?
2. Ni jambo gani tunalijua kwa kuchelewa, na linatoka kinywani mwa nani?
3. Msimulizi anapita mbio wapi, na anatulia wapi?
4. Kitu gani kinarudi, na safari hii kiko mikononi mwa nani?
5. Nani anachagua jambo ambalo mwanzoni asingelichagua?

Jaribu la kwanza kwa Ruthu. Harusi ya Ruthu na Boazi ingetosha kuwa mwisho. Lakini kitabu kinaendelea hadi mtoto analazwa kifuani mwa Naomi, mama mkwe wa Ruthu, mjane aliyerudi Bethlehemu akisema amerudi mikono mitupu, na majirani wanatangaza kwamba ni yeye aliyepata mwana. Kumbe swali lilikuwa la Naomi. Tena kitabu kinafungwa kwa orodha ya vizazi inayoanzia kwa Peresi, mtoto wa Tamari na Yuda, hadi kwa Daudi.

Kisha jaribu kwa Yona. Ninawi inatubu katika sura ya 3 na mji unasalimika. Kama kitabu kingekuwa kinaulizia hatima ya Ninawi, kazi ingekuwa imekwisha. Bado kuna sura ya 4, nabii akiwa amekasirika nje ya mji, na kitabu kinamalizika kwa swali ambalo Mungu anamuuliza yeye. Jibu la Yona halikuandikwa. Kabla hujasoma maelezo ya mtu yeyote, andika wewe jibu ambalo Yona angelitoa katika sura ya 1, kisha andika ambalo angelitoa sasa. Tofauti utakayoipata kati ya majibu hayo mawili ndiyo msuko wa kitabu hicho. Na usipoipata tofauti yoyote, hilo nalo ni jambo la kulijadili na wenzako.